Warushaji wa timu ya taifa ya kriketi ya Kenya: tunajua kubana ova za kati, lakini nani wa kufungua na nani wa kufunga?

#1 Mshono Wima

Salaam, wanajukwaa. Naleta hoja ambayo najua haitawapendeza wote.

Kila tunapozungumzia warushaji wa timu ya taifa ya Kenya, hutajwa siku tatu zilezile za Kombe la Dunia: Pune mwaka 1996 tulipowashinda West Indies, Nairobi mwezi Februari 2003 tulipowashinda Sri Lanka, na Durban mwezi Machi mwaka huohuo, ambapo tulishindwa na Australia lakini Aasif Karim akaondoka uwanjani akiwa mchezaji bora wa mechi. Mwenye kuzisoma kadi za alama za siku hizo ataona kwamba sehemu kubwa ya sifa ni ya warushaji wa polepole. Maurice Odumbe, mrushaji wa ofu-spini (spini ni mpira unaozungushwa ili ugeuke ukidunda), alichukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15 (alama alizotoa) katika ova zake 10 za mipira sita sita. Collins Obuya, mrushaji wa legi-spini, alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, naye pia alimaliza ova 10. Karim, anayezungusha kwa mkono wa kushoto, alirusha ova 8 na mipira 2, sita kati ya ova hizo zikiwa tupu, bila mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3.

Sasa tuziangalie siku tulizopigwa. Kandy, Machi 1996, siku chache tu baada ya Pune, Sri Lanka walitufungia mikimbio 398 kwa wiketi 5, na wakati huo hapakuwa na timu iliyowahi kufikisha alama kama hiyo katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Nusu fainali ya 2003, India walipata 270 kwa wiketi 4 tu, Sourav Ganguly akibaki na 111 bila kutolewa. Johannesburg 2007, katika Kombe la Dunia la T20 (ova 20 kila upande), Sri Lanka tena, 260 kwa 6.

Dai langu ni kwamba warushaji wetu, tangu kizazi kile hadi leo, wanajua kubana ova za kati, ila hawana uwezo wa kutosha wa kuvunja ngome kwa mpira mpya mwanzoni, wala wa kuzuia mafuriko katika ova za lala salama. Ningependa kusikia sababu kutoka kwa wanaoujua mchezo, si lawama kwa viongozi peke yake.

#2 Bi Takwimu

Ahsante kwa uzi, Mshono Wima, ila mifano umeichagua ikufae. Pale Pune, kabla Odumbe hajaushika mpira, kazi ya kuvunja ngome ilikuwa imekwisha kufanywa na hao wa kasi unaowadharau. Martin Suji alimng'oa Sherwin Campbell, kisha Rajab Ali akamtoa nahodha Richie Richardson na Brian Lara. Rajab Ali alimaliza na wiketi 3 kwa mikimbio 17. West Indies walikuwa wakifukuza 167 tu na wakaishia 93. Ukimwondoa Lara kwenye hesabu kabla hajatulia, yeyote anayekuja kuzungusha mpira baadaye anafanya kazi iliyokwisha kurahisishwa.

Ya pili umeiacha kabisa: Bloemfontein, hatua ya Super Six (ya timu sita kabla ya nusu fainali), Machi 2003. Zimbabwe walitolewa wote kwa 133, na mchezaji bora alikuwa Martin Suji huyohuyo, wiketi 3 kwa 19, akiwa mmoja wa wafunguaji, yaani warushaji wa kwanza wa mpira mpya. Mechi ile ndiyo iliyotuhakikishia nusu fainali, lakini watu hawaikumbuki kwa sababu haina hadithi tamu.

#3 Kocha wa Jioni

Nimefundisha vijana wa shule kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba tatizo linaanzia ardhini. Pichi nyingi wanazokulia vijana wetu ni za polepole na mdundo wake ni wa chini. Kijana mrefu mwenye mabega akirusha kwa nguvu zake zote, mpira unafika gotini kwa mpigaji na kumkaribisha aupige. Baada ya misimu miwili anagundua kwamba mwenzake anayekuja kwa hatua nne na kuuacha mpira ukwame kwenye udongo anapata wiketi nyingi kuliko yeye, bila kuumiza mgongo. Anapunguza mwendo wa kukimbilia, anapunguza kasi, na ifikapo umri wa miaka 19 tayari ni mrushaji wa kati na kati ambaye hana kasi ya kumtisha mtu wala mzunguko wa kumdanganya.

Pichi za bandia ambazo shule kadhaa hutumia zina tatizo jingine. Hapo mdundo ni mzuri, hata kupita kiasi, lakini mshono wa mpira haushiki kama unavyoshika kwenye nyasi au udongo mkavu, hivyo kijana hajifunzi kuusimamisha mshono wima wakati wa kuuachia mpira. Anategemea mdundo, na siku anapopelekwa kwenye pichi ya udongo anakuwa mgeni.

#4 Kaskazi

Mwalimu, udongo una sehemu yake, lakini mmesahau hewa. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mpira haupindi. Nimecheza Mombasa kwa miaka na nimecheza Nairobi, na tofauti yake huonekana katika ova ya kwanza. Mombasa mpira mpya unapinda kwa sababu hewa ni nzito kwa unyevu wa bahari. Nairobi unakwenda moja kwa moja kama mtu aliyetumwa dukani. Timu ya taifa huchaguliwa kwa kutazama ligi ya Nairobi, kwa hiyo tunamchuja mrushaji wa mpira mpya mahali ambapo kipaji chake hakiwezi kuonekana.

#5 Darasa la Fizikia

Kaskazi, nusu ya maelezo yako ni sahihi na nusu nyingine inahitaji kurekebishwa.

Iliyo sahihi ni ya mwinuko. Katika mita 1,700 hewa ina msongamano pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na nguvu inayoupinda mpira ubavuni hutegemea msongamano huo moja kwa moja. Kwa hiyo, mambo mengine yakiwa sawa, mpira unaopinda kwa kiasi fulani Mombasa utapinda pungufu kidogo Nairobi. Pungufu kidogo, narudia, haina maana ya kutopinda kabisa.

Isiyo sahihi ni ya unyevu. Hewa yenye mvuke mwingi wa maji ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto lilelile na kanieneo ileile, kwa kuwa molekuli ya maji ina uzito mdogo kuliko zile za naitrojeni na oksijeni inazochukua nafasi yake. Kama mpira unapinda zaidi pwani, sababu ni kwamba pwani iko chini, au upepo wa bahari, au utulivu wa hewa siku ya mawingu, lakini si uzito wa mvuke.

Na kuna jambo ambalo watetezi wa hoja ya mwinuko hulikwepa. Hewa nyepesi pia haiupunguzii mpira kasi sana ukiwa safarini, maana yake mrushaji wa kasi anapata faida ya mpira kumfikia mpigaji upesi. Tena mpira wa spini nao huhitaji hewa ili kuelea na kuzama kabla ya kutua. Hewa ya Nairobi ingekuwa mkosaji mkuu, ingewaadhibu Obuya na Karim pamoja na wale wa mpira mpya.

#6 Mzee wa Benchi la Nyuma

Hapo umenena. Johannesburg nayo iko juu kama Nairobi, pengine juu zaidi, na Afrika Kusini hawajawahi kulia kwamba hawana warushaji wa kasi. Uwanja wa Wanderers ni mahali ambapo wapigaji wa dunia nzima hufunga kofia vizuri. Kwa hiyo mwinuko peke yake hautoshi. Kocha wa Jioni yuko karibu zaidi na ukweli: tofauti ya Wanderers na viwanja vyetu iko chini ya miguu, kwenye aina ya udongo, jinsi unavyoshindiliwa, na nani anaumwagilia maji asubuhi gani.

#7 Kaskazi

Nashukuru kwa somo la mvuke, Darasa la Fizikia, ingawa mkono wangu bado unakumbuka kilichotokea pwani na hautaki kusomeshwa. Lakini mwinuko una upande wa pili ambao hamkuugusa: mpira uliopigwa juu unakwenda mbali zaidi. Kumbukeni Shahid Afridi alifunga mia moja kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka hapohapo Nairobi, Gymkhana, Oktoba 1996. Na mwaka 2024, Zimbabwe walipata 344 kwa wiketi 4 dhidi ya Gambia katika mechi ya T20 pale uwanja wa Ruaraka, Nairobi. Mrushaji anayekulia kwenye hewa hiyo anajifunza kuogopa. Ova za mwisho anarusha kwa kujilinda, na mpigaji mzuri huisikia hofu hiyo kabla mpira haujatoka mkononi.

#8 Bi Takwimu

Afridi ni Afridi, angewapiga hata chini ya bahari. Na Gambia ile ilikuwa timu changa mbele ya timu inayocheza mechi za Test (za kimataifa za siku tano), kwa hiyo haitufundishi mengi juu ya hewa ya Ruaraka.

#9 Jirani wa Lugogo

Samahani kwa kuingia nyumba ya wenyewe. Sisi wa Uganda tunasoma uzi huu kwa tabasamu, kwa sababu mnalia juu ya kukosa wafunguaji wa kasi wakati sisi tumefika Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024 kwa nguvu ya hao mnaowaita wabanaji. Katika mchujo wa Windhoek mwaka 2023 mlikuwepo, na mnajua nani aliondoka na tiketi. Alpesh Ramjani na Henry Ssenyondo wanazungusha kwa mkono wa kushoto, Frank Nsubuga kwa ofu-spini. Nsubuga akiwa na umri wa miaka 43 alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea kule Guyana akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2, nasi tukashinda.

Swali langu kwa Mshono Wima ni hili: kama kubana ndiko mnakokuweza, kwa nini mnaona haya? Katika T20 ova ya nane yenye mikimbio mitatu ina thamani sawa na ova ya kumi na tisa yenye mikimbio mitatu.

#10 Mshono Wima

Karibu, jirani, na hongera kwa Windhoek, ingawa umeitaja kwa furaha kuliko adabu inavyoruhusu.

Thamani ya mikimbio ni sawa, lakini ugumu wa kuizuia haulingani. Ova ya nane mpigaji mwenyewe anakubali kuchukua mmoja mmoja, ilhali ya kumi na tisa hakubali. Na kwa kuwa umeleta Kombe la Dunia, nitakukumbusha kwa upole kwamba katika mashindano hayohayo ilikuja siku ya West Indies, wao wakafika 173 kwa wiketi 5 na nyinyi mkatolewa wote kwa 39. Wapigaji wenu wana lawama yao, sikatai, lakini kubana kunafanya kazi dhidi ya wanaokubali kubanwa. Hicho ndicho ninachokisema juu ya Kenya: dhidi ya timu ndogo tunatosha, dhidi ya timu kubwa tunahitaji mtu wa kuwatoa wapigaji wawili mapema na mtu wa kurusha yoka (mpira unaotua miguuni pa mpigaji) nne kati ya mipira sita mwishoni.

Bi Takwimu, nimekubali Pune na Bloemfontein kama siku mbili. Bado ni siku mbili.

#11 Glavu Kuukuu

Nimekuwa mlinda wiketi wa klabu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nashangaa kwamba mmefika chapisho la kumi bila mtu kuwataja wanaodaka.

Rajab Ali alimtoa Lara kwa sababu Tariq Iqbal, akiwa na miwani yake, aliudaka ule mpira. Ni udakaji ambao kila mlinda wiketi wa Afrika Mashariki wa rika langu anaukumbuka, kwa kuwa mapema siku ileile mikono yake haikuwa imara sana. Asingeudaka, leo tungekuwa na kadi nyingine ya alama na uzi mwingine kabisa. Mrushaji wa mpira mpya hutengeneza nafasi nyuma ya wiketi: makali ya gongo kwenda kwa mlinda wiketi, kwenda slipu ya kwanza (mdakaji anayesimama kando ya mlinda wiketi), kwenda ya pili. Mrushaji wa spini wa mechi za siku moja hutengeneza nafasi mbele na pembeni, ambako watu wepesi wa miguu hukimbia na kudaka, na wachezaji wa Kenya wamekuwa wazuri siku zote katika eneo hilo. Kwa hiyo mrushaji wetu wa kasi anaweza kuwa mzuri kama mwingine yeyote, ila nafasi anazotengeneza zinaanguka mahali tulipo dhaifu.

Katika klabu niliyochezea tulikuwa na kijana ambaye msimu mzima aliuondoa mpira kwa mshono vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumsimamia. Kwenye slipu tuliweka wazee kwa sababu hawawezi kukimbia. Vitabu vya alama vinaonyesha kijana yule hakuwa na wiketi nyingi. Mwaka uliofuata hakuonekana tena kwenye mazoezi.

#12 Kocha wa Jioni

Glavu Kuukuu, hilo la kuweka wazee kwenye slipu limenigusa, kwa kuwa ni desturi ya ligi nzima na hakuna anayeikemea. Kwenye mazoezi yetu tunadakisha mipira ya juu nusu saa na ya slipu dakika tano, tena mwishoni, giza likiingia.

#13 Bi Takwimu

Kwa kuwa Mshono Wima anataka ushahidi wa ova za mwanzo, nitampa ushahidi utakaomsaidia yeye na kuniumiza mimi. Hambantota, Februari 2011, Kombe la Dunia dhidi ya Pakistan. Tulitoa mikimbio 46 ya ziada, isiyotokana na gongo la mpigaji, na kati ya hiyo 37 ilikuwa ya waidi, mipira iliyopita mbali na mpigaji. Pakistan walifika 317 kwa wiketi 7, nasi tukatolewa kwa 112. Mipira mipya miwili ya kwanza ilikuwa ikipinda, jambo ambalo warushaji wetu walipaswa kulishangilia, lakini hawakuweza kuidhibiti. Hapo ndipo nadharia ya Kaskazi inapopata uhai kidogo: mtu aliyezoea mpira usiopinda akikutana na mpira unaopinda, ataulenga wiketi na utaishia upande wa mguu.

Ajabu ni kwamba Pune mwaka 1996 mfungaji mkubwa kuliko wote katika alama zetu 166 alikuwa mikimbio ya ziada, 37, zawadi ya warushaji wa West Indies. Miaka 15 baadaye tukarudisha deni kwa Wapakistani ambao hawakutukopesha.

#14 Mzee wa Benchi la Nyuma

"Mipira mipya miwili" imenichanganya, Bi Takwimu. Wakati wa Kombe la Dunia la 2011 kila zamu ya kupiga ilianza na mpira mmoja, na ule uliochakaa ulibadilishwa baada ya ova ya 34. Utaratibu wa mpira mmoja kila upande ulianza Oktoba 2011. Haibadilishi hesabu yako ya waidi, lakini iwekwe sawa.

Vilevile, katika balaa lile la Hambantota alikuwepo mtu mmoja aliyerusha kama mtu mzima: Thomas Odoyo, wiketi 3 kwa 41. Na hapa nina ugomvi na uzi wote. Tumefika chapisho la kumi na nne tunajadili kama Kenya imewahi kuwa na mfunguaji wa kweli, na jina la Odoyo halijatajwa. Huyu ndiye mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Test kufikisha wiketi 100 za mechi za siku moja, na ndiye aliyechukua tuzo ya kwanza kabisa ya ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ya mchezaji bora wa nchi wanachama washirika, mwaka 2007. Alikuwa mrushaji wa mpira mpya. Alipunguza kasi umri uliposonga, kama wote, lakini hakupoteza mahali pa kutua mpira.

#15 Mshono Wima

Mzee, Odoyo namheshimu kuliko unavyodhani, na sikumtaja kwa sababu anakaa nje ya pande zote mbili za hoja. Mtu mmoja aliyefungua kwa miaka 15 na zaidi, na mwenzake wa upande wa pili akabadilika mara ngapi? Suji alikuwepo, Joseph Angara alikuwepo, Peter Ongondo alikuwepo na alikuwa wa kutegemewa sana, baadaye Nehemiah Odhiambo na Elijah Otieno. Mpigaji mwerevu alijua kumheshimu Odoyo na kusubiri upande wa pili. Wafunguaji huwinda wawili wawili. Mmoja akibana na mwingine akivuja, anayebana hapati wiketi na anayevuja hapati huruma.

#16 Mgeni wa Nyavu

Nimekuwa msomaji kimya, leo naandika. Nehemiah Odhiambo amepita kama jina tu, kwa hiyo nitaongeza kwamba mwaka 2010 hapa Nairobi alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 20 dhidi ya Scotland katika mechi ya T20. Huyo ni wa kasi, tena kwenye hewa mnayoisingizia.

Lakini kilichonifanya niandike ni familia. Nehemiah, Lameck Onyango, James Ngoche na Shem Ngoche ni ndugu wa tumbo moja. Dada zao nao wamechezea timu ya taifa ya wanawake. Wawili kati ya ndugu hao ni wa kasi, Lameck na Nehemiah, na wawili ni wa spini, James na Shem. Wamekula chakula kimoja, wamekulia kwenye pichi zilezile na hewa ileile, na ndugu wadogo wakaenda upande wa spini. Kocha wa Jioni atasema ni pichi. Mimi nasema ni kwamba mdogo huona anayepata nafasi kwenye timu na kufuata njia hiyo.

Jambo jingine ni upana wa kisima tunachochotea. Ukizitoa familia ya Ngoche, ya Obuya na ya Suji kwenye historia ya warushaji wetu, kinabaki nini? Vijana warefu wenye nguvu wako wengi nchini, wanakwenda kwenye raga, voliboli na riadha kwa sababu huko wanaonekana.

#17 Darasa la Fizikia

Mgeni wa Nyavu, hoja ya ndugu wanne inapendeza, ila watu wanne kutoka nyumba moja hawawezi kutenganisha sababu. Huenda pichi, huenda kuigana, huenda mmoja alizaliwa na vidole virefu. Karibu, lakini.

#18 Ova Tupu

Mnaizunguka sababu moja ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: idadi ya mipira ambayo mrushaji wetu anarusha katika mechi za maana. Mwaka 2014 tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Tangu hapo kazi kubwa imekuwa T20, ambamo mrushaji hana zaidi ya ova nne. Mrushaji wa kasi hujengwa kwa kurudi kwa awamu ya pili na ya tatu, miguu ikiwa imechoka, mpira ukiwa umechakaa, na mpigaji akiwa ametulia. Hilo hupatikana katika mechi za siku tatu na nne, kama zile za Intercontinental Cup tulizocheza tangu 2004. Anayezungusha anaweza kujifunza kwenye nyavu peke yake jioni nzima na mipira sita. Wa kasi akifanya hivyo ataumia mgongo kabla hajajifunza.

Hata yoka ambayo Mshono Wima anailalamikia haijifunzwi kwa kuambiwa. Inajifunzwa kwa kupigwa sita mara nyingi mbele ya watu na kurudi tena wiki ijayo.

#19 Kaskazi

Lakini Ova Tupu, Kandy ilikuwa 1996 na nusu fainali ilikuwa 2003, zote kabla hatujapoteza hadhi yoyote. Tulipigwa mwishoni hata tulipokuwa na mechi.

#20 Ova Tupu

Hata wakati huo karibu zote zilikuwa mechi za siku moja, na si nyingi kwa mwaka. Waliotupiga Kandy walikuwa na Aravinda de Silva aliyefunga 145, na siku 11 baadaye wakawa mabingwa wa dunia kwa kuwashinda Australia. Siwezi kumlaumu Rajab Ali kwa hilo.

#21 Glavu Kuukuu

Ninaomba turudi kwa Collins Obuya, kwa sababu yeye ni kesi inayozitatiza nadharia zenu zote. Alipowachukua Sri Lanka wiketi 5 alikuwa kijana ambaye wapigaji wa nje hawakuwa wamemwona vya kutosha. Baada ya mashindano yale alipata mkataba na Warwickshire kule Uingereza. Kisha legi-spini ikamtoroka, akageuka mpigaji, na mwaka 2011 pale Bangalore akafunga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Hakukulia kwenye pichi nyingine wala hewa nyingine kati ya 2003 na 2011. Kilichobadilika ni kwamba walimjua. Nashuku kwamba sehemu ya nguvu ya warushaji wetu wa enzi ile ilikuwa ugeni wao, na leo ugeni haupo, kwa sababu kila ova ya kila mchujo imerekodiwa na mpigaji wa Namibia anaitazama hotelini usiku.

#22 Bi Takwimu

Ugeni hauwezi kumweleza Karim. Alikuwa na miaka 39, amewahi kuwa nahodha wetu katika Kombe la Dunia la 1999, na alirudishwa kutoka kwenye kustaafu. Hakuwa siri kwa yeyote.

#23 Mzee wa Benchi la Nyuma

Na bado tusimkuze Karim kupita kadi ya alama. Australia walihitaji 175 tu. Adam Gilchrist alikuwa amekwisha kufunga 67 kwa mipira 43 akiwapiga warushaji wetu wa mwanzo, na timu ilikuwa 109 kwa wiketi 2 na ova tele mkononi. Wapigaji waliomfuata hawakuwa na sababu ya kumshambulia mzee mmoja wakati upande wa pili mikimbio inapatikana. Kati ya 109 na 117 walipoteza watu watatu, Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg, wote kwa Karim, na hiyo ni kazi kubwa. Ila ova tupu sita zile zina mchango wa Waaustralia wenyewe.

#24 Mshono Wima

Mzee, umenisaidia bila kukusudia. Gilchrist 67 kwa mipira 43 ni nani aliyepigwa? Wafunguaji. Karim alikuja nyumba imekwisha kuungua.

#25 Bi Takwimu

Gilchrist mwaka 2003 aliwapiga wafunguaji wa kila nchi. Tafuta mechi ambayo mpigaji wa kawaida alifungua dhidi ya Odoyo na Suji akapata kasi hiyo, kisha uiweke hapa tuitazame. Na ukiwa kwenye kadi hizo, hesabu pia ni mara ngapi manahodha wetu waliweka slipu mbili baada ya ova ya tano, kwa sababu ninashuku jibu litampendeza Glavu Kuukuu kuliko wewe.